Baada ya Mgomo wa Viziwi: Nani Aulizwe, na kwa Lugha Gani?

Tangu safu hii ilipozungumzia migomo miwili ya Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichoko Washington, chuo cha viziwi ambacho hati yake ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864, barua kutoka Mbeya na Iringa zimezidi kunifikia. Nyingi haziulizi habari za Marekani, bali zauliza lipi lifanywe hapa kwetu pindi wanafunzi viziwi wanapogoma, ghasia zikatulia, na kamati ya nidhamu ikaketi. Nimechagua zile zilizonitia uchungu au wasiwasi. Zilizobaki zitapata majibu kwa posta.

Msomaji wa Gangilonga, Iringa: Uliwasifu wanafunzi wa 1988 kwa kudai kwamba asiadhibiwe mtu. Je, huko si kuhalalisha fujo?

Sikusifu fujo, mzee wangu. Mnamo Machi 1988 baraza la chuo lilimteua Elisabeth Zinser, mwenye kusikia, awe rais, ilhali wenzake wawili waliofika naye hatua ya mwisho walikuwa viziwi. Wanafunzi wakakifunga chuo, wakatoa madai manne: rais awe kiziwi, mwenyekiti wa baraza Jane Spilman ajiuzulu, viziwi wawe asilimia 51 ya baraza, na kusiwe na kisasi juu ya walioshiriki. Katika muda wa juma moja yote manne yakakubaliwa, na Dk. I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho.

Dai la nne nalitetea hata leo, kwa kuwa kisasi na uwajibikaji ni mambo mawili: mwenye kisasi huadhibu kwa sababu ya maneno yaliyomchoma, na mwenye kuwajibisha hutaja tendo, siku, aliyedhurika na ithibati. Aliyevunja kioo na alipe kioo. Aliyebeba bango hana deni.

Mwaka 2006 mgomo ulizuka tena, kumpinga Jane Fernandes aliyeteuliwa kumrithi Jordan. Malango yalifungwa, na Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba wakakamatwa watu zaidi ya 130, chini ya uongozi wa Jordan yule yule ambaye mgomo wa kwanza ndio uliomketisha kitini. Kisha tarehe 29 baraza likautengua uteuzi. Kufunga malango ya ua ambao ndani yake imo pia shule ya watoto ya Kendall ni tendo la kuulizwa, nami sioni aibu kulisema. Lakini maswali hayakuishia kwa wanafunzi: mwaka 2007 chombo cha ithibati kilikiweka chuo chenyewe chini ya uangalizi, na mwaka 2008 ndipo kilipokithibitisha tena. Huku kwetu nimeona orodha za wanafunzi waliosimamishwa masomo zikibandikwa ubaoni; orodha ya viongozi walioulizwa kwa nini malalamiko yalikaa mezani bila jibu hata mgomo ukazuka, hiyo sijaiona.

Walimu kadhaa wa Uyole, Tukuyu na Mafinga, pamoja na mjumbe mmoja wa bodi: Mwanafunzi kiziwi amefika kidato cha nne, anajua kusoma na kuandika, tena hutazama midomo. Kwa nini kamati igharimie mkalimani wakati kalamu na karatasi vipo?

Nazijumuisha barua hizi kwa kuwa kosa lake ni moja, nami nitalieleza kwa urefu, maana katika makosa yote ndilo linalodhulumu watu wengi kwa nia njema.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi Rungwe, katika nyumba inayosema Kinyakyusa, au Kilolo, katika nyumba inayosema Kihehe, hakuisikia lugha ya mamaye, wala hakukisikia Kiswahili cha sokoni. Lugha yake ya kwanza iliyo timamu aghalabu huipata shuleni, mikononi mwa watoto wenziwe, nayo ni Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi yake katika mikono, katika uso na katika nafasi iliyo mbele ya mwili. Si Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni. Kiswahili cha maandishi humjia baadaye, kwa njia ya macho peke yake, na wako wanaokimudu vyema kabisa, na wako wengi wanaokimudu kama wengi wetu tunavyokimudu Kiingereza: chatosha kusomea tangazo, hakitoshi kujitetea mbele ya watu walioshika hatima yako.

Sasa mwiteni kijana huyo baada ya usiku wa ghasia, mpeni karatasi, mwambieni aandike alichofanya. Tofauti ya “nilishiriki”, “nilishirikishwa” na “nilishuhudia” ni silabi chache, na ndani ya silabi hizo mna kufukuzwa au kubaki shuleni. Atatia saini maungamo ya jambo aliloliona tu, na kamati itarudi nyumbani ikiamini kwamba imetenda insafu kwa kuwa inayo karatasi.

Ama midomo, jaribuni wenyewe mbele ya kioo: semeni “baba”, “mama” na “papa” bila kutoa sauti, kisha mniambie mmeona tofauti gani. Hata stadi wa kutazama midomo hukisia mengi, na mwenye hofu hutikisa kichwa kukubali ili swali lipite.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(a), yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani. Nchi imeuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tangu 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, ni ya 2010. Mkalimani basi si hisani ya kamati. Bila yeye kikao hakijaketi.

Mkuu wa shule, Mbeya: Mwalimu wetu wa bweni anazijua alama, tena aliona tukio lote. Si yeye atafsiri?

Hapana, na sababu umeitaja mwenyewe: aliona tukio lote. Shahidi, hususan shahidi aliyetukanwa usiku ule, hawezi kuwa kinywa cha mtuhumiwa. Mwaka 1988 Spilman alinukuliwa kuwa alisema viziwi hawako tayari kuishi katika ulimwengu wa wenye kusikia. Alikana, akidai kwamba ukalimani ndio uliopotosha kauli yake, na ubishi huo ukawasha moto zaidi. Ikiwa mwenye cheo aweza kuponzwa na tafsiri, sembuse mtoto wa bweni! Tafuteni mkalimani asiye na upande, kisha rekodini kikao chote kwa video, kwani muhtasari wa Kiswahili huhifadhi maneno ya mkalimani tu. Na wale waliohudhuria mafunzo ya siku chache wakajiita wakalimani, tafadhali wasiguse kesi ya mtu.

Mlinzi wa shule, Ipogolo: Tulizima taa bwenini ili watulie. Tulikosea?

Mlikosea sana. Gizani kiziwi hasemi wala hasemeshwi. Mliwanyang’anya lugha saa ile walipoihitaji kuelezana njia ya salama. Na afungwaye pingu kwa nyuma hali yake ni hiyo hiyo.

Viziwi ni wakali kwa tabia?

La.

Mama wa Kihesa: Kwa nini wasisamehewe tu, maskini, hawakuelewa?

Mama, najua una huruma, lakini huruma ya namna hiyo huwashusha. Wafanyakazi viziwi wa Neema Crafts, kituo cha kazi za mikono hapo hapo Iringa, hupokea oda, hushika fedha na kujibu kwa kazi yao tangu kituo kilipoanza mwaka 2003. Kijana aliyeelewa na akatenda, aulizwe kama mwenzake. Ambaye hakuelewa, kwa sababu hakuna aliyejitaabisha kumweleza, basi aulizwe aliyepaswa kueleza.

Mzazi wa Mwanjelwa: Mtaalamu mmoja asema mgomo uliletwa na pepo wa uziwi, naye ana dawa ya kutia masikioni.

Asitie kitu. Mpeleke mtoto hospitali akapimwe masikio, na fedha za mtaalamu huyo zilipe nauli ya mkalimani.

Mwanafunzi aliyefukuzwa: Nifanyeje?

Mwanangu, omba kwa barua nakala ya uamuzi, muhtasari wa kikao na jina la aliyekutafsiria, na uandike tarehe uliyopokea kila karatasi. Nenda kwa viongozi wa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) wa mkoa wako, ueleze kisa kwa alama mbele ya kamera kabla hujaandika neno, kisha rufani iandikwe kutokana na video hiyo. Kama ulivunja kitu, kitaje wazi na useme uko tayari kukilipa. Na karatasi yoyote usiyoielewa kikamilifu, usiitie saini, hata ukiambiwa basi la jioni linaondoka.