Vumbi la Rangi Kuukuu ni Sumu kwa Mtoto

Kununua stuli au kabati kuukuu na kulirembesha kwa msasa na rangi ni burudani nzuri, tena huokoa pesa. Lakini wengi wetu Kibera na Kawangware huishi chumba kimoja. Humo hupikwa, humo hulala mtoto, na mvua inyeshapo, humo hupigwa msasa.

Hatari imo katika vumbi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zidumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka wa 1978. Kenya iliweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni miaka mingi baadaye. Kwa macho huwezi kuzitambua.

Mtoto atambaaye hushika vumbi, kisha hutia vidole mdomoni. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango kisichodhuru.

Basi zingatia haya:

1. Fanyia kazi nje, mbali na watoto na nguo zilizoanikwa. Mama mjamzito asishiriki.
2. Lowesha rangi, utumie msasa wa maji. Usiiunguze.
3. Tandaza karatasi ya nailoni chini. Usifagie, pangusa kwa kitambaa chenye maji.
4. Mabaki ya mbao zenye rangi usiyatie jikoni.
5. Oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Ukishuku mtoto amedhurika, mpeleke hospitalini apimwe damu.