Neno Moja Katika Sheria

Ndugu zetu, yatupasa tujue kwamba haki yaweza kupotea kwa neno moja lisilosomwa. Mwaka 1920 bara ya Kenya iligeuzwa kutoka Himaya ikawa Koloni. Ukanda wetu wa pwani, milki ya Sultani wa Unguja, ukabaki Himaya. Wengi hawakujali. Lakini walimu waliosomea Maseno, karibu na Kisumu, walitambua kuwa katika Koloni mwenyeji huhesabiwa mpangaji tu juu ya ardhi ya Mfalme.

Desemba 1921 waliwakusanya watu Lundha, Gem, wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo, mwenyekiti wake Jonathan Okwiri. Wakaitwa Piny Owacho, yaani "nchi imenena". Walidai Koloni iondolewe, wapewe hati za mashamba, kodi ipunguzwe, kipande na kazi za kulazimishwa zikomeshwe. Mwaka 1922 Gavana Northey alionana nao. Kodi ilipunguzwa, Koloni na kipande vikabaki.

Tusiseme walishindwa: walifumbua macho ya watu. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Tukiiacha kabatini bila kuisoma, twatofautianaje na wale wasiojali mwaka 1920?