Sufuria ya Maharage na Kopo la Mkaa: Somo la Kubana Matumizi Jikoni



Tunaposimulia habari ya mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17), wengi wetu tunakumbuka unga na mafuta ambayo hayakwisha. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Eliya alipomkuta, mama yule alikuwa akiokota kuni. Alikuwa na chakula cha mlo mmoja tu, na bila kuni hata mlo huo usingepikika. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu katika mafundisho yetu ya uchumi wa kaya tunazungumza sana bei ya unga, mafuta na sukari, lakini kuni na mkaa tunavipita haraka kana kwamba ni habari ya akina mama peke yao.

Kaya iliyopungukiwa mkaa hailali njaa mara moja, ila hubadili chakula. Mama anaacha maharage na makande kwa kuwa yanakula moto saa tatu, anapika ugali na mboga ya haraka, au anatuma mtoto akanunue maandazi. Sasa maharage ndiyo nyama ya wengi katika sharika zetu. Yakiondoka mezani kwa sababu ya mkaa, watoto wanapungukiwa chakula cha kujenga mwili huku maharage yenyewe yakiwa ghalani. Akina mama katika jumuiya wametueleza jambo hili wazi: chakula wanacho, wanachokosa ni cha kukipikia. Kwa hiyo somo la robo hii linahusu sufuria moja tu, ya maharage au makande.

Moto mkubwa hauongezi joto la maji

Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena hata ukijaza mkaa hadi mdomo wa jiko. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke, nao mvuke unatoka nje na fedha yako. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kadiri tunavyopanda mlima nyuzi hizo hupungua, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Arusha mjini, penye mita zipatazo 1,400, maji huchemka karibu nyuzi 95, na sharika za juu zaidi Meru na Kilimanjaro huchemka kwa nyuzi chache zaidi ya hapo. Ndiyo sababu mama aliyeolewa mlimani kutoka Tanga huona maharage yaleyale yamekuwa magumu. Hakusahau kupika.

Kwa hiyo kinachoivisha maharage ni muda ndani ya maji yaliyo moto sana, na siyo ukali wa moto. Ukilielewa hili, mengine yote yanafuata. Funika sufuria, na mfuniko ukiwa umepinda weka jiwe safi juu yake. Sufuria ikishachemka, funga mlango wa hewa wa jiko ubakize upenyo mdogo, au ondoa kuni moja. Jiko likae mahali pasipopigwa na upepo. Kuni zipasuliwe na zikaushwe, maana kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kujikausha zenyewe, na moshi wake unaumiza macho na vifua vya mama na watoto. Chai ya watu watatu haihitaji jiko lililojaa. Mkaa uliobaki ukiwa bado unawaka usiachwe uishe bure: teleka maji ya kuoga, au utie kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana ili uzimike kwa kukosa hewa, kesho uwake tena.

Kazi ya usiku uliotangulia

Akiba kubwa inapatikana kabla ya kuwasha moto. Maharage yachaguliwe, yaoshwe na kulowekwa usiku kucha, saa 8 hadi 12, katika maji ya kutosha kwa kuwa yatavimba. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, upike kwa maji mapya. Maji ya kulowekea yakimwagwa hupunguza pia gesi tumboni, jambo ambalo wazee hulifurahia. Mahali pa joto kali yasilowekwe mchana kutwa na usiku kucha, kwa maana yatachacha. Mahindi ya makande nayo yalowekwe. Yaliyokobolewa huiva haraka kuliko yenye ganda.

Angalia pia umri wa maharage. Yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu huwa magumu na hayalainiki sawasawa. Mkichanganya ya mwaka jana na ya msimu huu katika sufuria moja, mapya yatapondeka wakati ya zamani bado yanagonga meno. Mpike kila aina peke yake.

Nyanya, ndimu na chochote chenye uchachu kiingie mwishoni, maharage yakiwa yameshaiva. Uchachu huzuia ganda na kiini kulainika, na mpishi akitanguliza nyanya atachoma mkaa nusu kopo zaidi bila kujua sababu.

Kuhusu magadi najua nitawaudhi baadhi, maana katika kanda yetu ya kaskazini makande bila magadi kwa wengine si makande. Ni kweli yanalainisha upesi. Lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini za kundi B zilizomo katika maharage, na magadi yanayochimbwa kaskazini mwa Tanzania yamekutwa na floridi nyingi. Uchunguzi wa meno ya watoto wa maeneo haya umehusisha matumizi ya magadi na meno yenye madoa ya kahawia, mbali na floridi iliyoko katika maji ya visima na mito yetu. Kwa nyumba yenye watoto wadogo ambao meno yao bado yanaumbika, ushauri wangu ni kuyaacha. Kuloweka kunafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure.

Kapu la kupikia

Hiki ndicho kifaa ambacho ningependa kila jumuiya ikijue. Ni kapu au tenga lililojazwa kitu kinachozuia joto lisitoke. Sufuria iliyochemka inawekwa ndani, inafunikwa, na chakula kinaendelea kuiva bila moto. Hakuna cha kununua ambacho hakipatikani kijijini.

Tafuta tenga pana kuliko sufuria yako. Weka ndani majani makavu ya mgomba, nyasi kavu, mabaki ya nguo au sufi, unene wa sentimita 10 hivi chini na pande zote, ukishindilia ili libaki shimo la ukubwa wa sufuria. Tandika kitambaa safi juu ya majani. Kisha shona mto mnene wa kufunika juu, nao ujazwe sufi au vitambaa. Mto huu ndio wengi wanaupuuza, na joto jingi linapotea kwa juu.

Makande hupikwa hivi. Mahindi na maharage yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu, yakiwa yamefunikwa, dakika 30 hadi 45. Usifunue kuonja. Epua, kung'uta makaa yoyote yaliyoshika chini ya sufuria (tenga la majani makavu linaweza kuwaka), ingiza sufuria ndani ya kapu upesi na ulaze mto juu. Liache saa 4 au zaidi bila kulifungua. Mama akirudi kutoka shamba au sokoni, anarudisha sufuria jikoni, anachemsha tena kikamilifu, kisha anaunga kwa kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta au nazi. Mkaa uliotumika ni wa chini ya saa moja na nusu, kwa chakula ambacho kingekaa motoni karibu saa tatu.

Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwani maji kidogo hupoa haraka. Maji ya wali yapunguzwe kama robo, maana ndani ya kapu hakuna mvuke unaopotea. Wali uliochemka dakika 5 unaiva kapuni kwa saa moja, na hauungui hata siku moja.

Mahali ambapo kubana ni hatari

Kuna mambo matatu ambayo mwalimu wa jumuiya asiyaache hata kama muda ni mfupi.

La kwanza ni maharage yenyewe. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Huharibiwa na mchemko wa kweli, angalau dakika 10, na kwa mwinuko wetu nasema zisipungue 20. Joto la kapu peke yake haliitoshi. Anayetia maharage kapuni baada ya povu la kwanza tu anaiumiza familia yake. Vilevile chakula kilichopoa kapuni ni lazima kichemshwe tena kabla ya kuliwa, na kapu lisitumike kuhifadhi kiporo.

La pili ni mahindi yenye ukungu. Nimeona watu wanayatenga kwa ajili ya makande kwa hoja kwamba yatachemka sana. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Punje zilizovunda, kubadilika rangi au kusinyaa zitupwe, wala wasipewe kuku au ng'ombe wa maziwa.

La tatu ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa nyakati za baridi Juni na Julai. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala nayo hawaamki. Jiko likimaliza kupika lisiingizwe chumbani kuota moto.

Gesi imefika, lakini maharage yamebaki kwenye mkaa

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya kilo 6 imeingia katika nyumba nyingi za washarika wetu. Hata hivyo, ukichunguza utaona gesi ni ya chai, mayai na kupasha, na maharage yanapikwa nje kwa mkaa kwa hofu ya kumaliza mtungi. Hapa kapu lina kazi nyingine: maharage yaliyolowekwa yakichemshwa kwa gesi dakika 30 kisha yakaingia kapuni, mtungi hauogopeshi tena. Wenye umeme wa uhakika waangalie pia jiko la presha la umeme, ambalo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Bei ya kulinunua bado ni kubwa kwa wengi, na kikundi cha VICOBA ni njia nzuri ya kulipata kwa awamu.

Kwa wanaotumia mkaa, kikundi hichohicho kinaweza kununua gunia na kugawana. Anayenunua kopo moja kila jioni ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote, na mara nyingi ndiye maskini kuliko wote.

Kwa kamati za sharika, na kwa wahisani

Kwa marafiki wanaotusaidia naomba niseme wazi kwamba sipendelei mradi wa kugawa majiko bure. Jiko lililogawiwa hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, halafu wengine hulifanya la kuwekea maua. Afadhali fedha hiyo igharimie walimu wa jumuiya, maharage ya kufundishia na ziara ya pili baada ya miezi sita kuona nani bado anatumia alichojifunza.

Kamati iandae siku moja ya mafunzo yenye majiko mawili yanayofanana na sufuria mbili, kila moja kilo 1 ya maharage ya gunia moja. Sufuria ya kwanza ipikwe kama ilivyo desturi: makavu, bila mfuniko. Ya pili yawe yamelowekwa, yafunikwe, yaingie kapuni. Pimeni mkaa kwa mzani kabla ya kuwasha, na pimeni uliobaki baada ya kuuzima. Waalikeni akina baba, na si kwa ajili ya sala ya kufungua tu, kwa sababu wengi wao ndio wanaotoa fedha ya mkaa na hawajui inakwenda wapi. Kaya inayotumia kopo moja kwa siku ikiokoa robo tu, kwa siku 28 imeokoa makopo 7, na kila mmoja anajua bei ya kopo mtaani kwake.

Kila mtaa uandike karatasi moja na kuileta ofisi ya Jimbo kabla ya mwisho wa robo ijayo: uzito wa mkaa uliotumika kwa kila sufuria, muda hadi maharage kuiva, idadi ya waliohudhuria, wanaume na wanawake, na majina ya kaya tano zitakazotembelewa baada ya miezi sita. Picha si lazima.