SOMO KWA WAMAMA: MOTOKARI IKIRUDI NYUMA, MUTOTO IKO WAPI?



Leo umekuja kupimisha mutoto kilo, ao kumuchanjisha, ao kufwata dawa. Umeweka kadi yako juu ya meza na sasa unangoja kuitwa. Utumie wakati huu kusoma somo hili. Kama jirani yako kwenye benchi hajui kusoma, umusomee kwa sauti.

Siku zingine tunafundisha juu ya malaria, kuhara na chakula cha mutoto. Leo tunafundisha juu ya hatari ambayo haina mududu wala dawa ya kumeza. Ni motokari inayorudi nyuma pahali watoto wanachezea.

1. FIKIRI JAMBO HILI

Wageni wamekuja kwenu Mulekera siku ya yenga. Shofere aliingiza jeep katika kiwanja, uso mbele, mpaka karibu na ukuta. Wote wanakula. Jua linawaka, na kivuli kizuri kiko nyuma ya jeep. Mutoto wako wa mwaka mumoja na nusu anaona kivuli kile. Anaenda kuchuchumaa pale na kijiko chake, anachimba udongo.

Kisha wageni wanasimama. Watu wanaagana, wanashikana mikono, wanacheka. Wewe unafikiri mutoto iko na bibi yake. Bibi anafikiri mutoto iko na wewe. Shofere anapanda, anafunga mulango, anawasha motere.

Hapo bibi anauliza kwa sauti kubwa: "Mutoto iko wapi?"

Wote wananyamaza. Mutu anazunguka nyuma ya jeep na anamutosha mutoto, mikono imejaa udongo. Ulizo lile moja limemuponyesha. Kama bibi angekawia muda wa kuhesabu mpaka tano, tungeandika hadisi ingine.

2. SABABU GANI SHOFERE HAMUONI MUTOTO?

Wengi wanasema: "Shofere alikuwa mubaya" ao "alikuwa amelewa." Mara zingine ni kweli. Lakini hata shofere muzuri, mwenye macho mazuri, hawezi kuona mutoto mudogo aliye karibu nyuma ya motokari yake. Mutoto wa miaka 2 ana urefu wa santimetre 85 hivi. Kioo cha nyuma cha jeep kinaanza juu kuliko kichwa chake. Katika kamiyo ni vibaya zaidi: sanduku la mizigo linafunga nyuma yote, na shofere anaona tu pembeni, kwa vioo vya mulango.

Unaweza kujihakikishia. Umwombe shofere mumoja azimishe motere. Weka bidoni mbili za litre 20 nyuma ya motokari, moja juu ya ingine. Urefu wao unakaribia ule wa mutoto wa miaka 2. Sasa upande wewe mwenyewe katika kiti cha shofere, utazame nyuma. Utaona miti, utaona nyumba, utaona mbingu, lakini bidoni hutaziona. Sogezeni bidoni nyuma hatua kwa hatua mpaka uzione. Nafasi ile yote ambayo hukuona ndiyo nafasi ya kifo.

Usifikiri kwamba mutoto atakimbia akisikia motere. Mutoto wa miaka 1 ao 2 anajua kutembea, lakini hajui bado kwamba motokari inaweza kurudi nyuma. Mara nyingi sauti ya motere inamuvuta. Anakuja kuaga baba yake!

Jambo hili si la kwetu tu. Katika Marekani, kati ya wanaouawa hivi kuna watoto wengi wenye chini ya miaka 5, na mara nyingi anayeendesha ni baba, mama ao ndugu wa mutoto. Katika mwaka 2002, baba mumoja kule, aliye munganga wa watoto, alirudisha motokari nyuma kwake nyumbani na kumuua mutoto wake wa miaka 2. Wazazi wale hawakunyamaza. Katika mwaka 2008 inchi yao ilitia sheria yenye jina la mutoto yule, na tangu mwaka 2018 kila motokari ndogo mupya inayouzishwa kule inapaswa kuwa na kamera ya kuonyesha nyuma. Lakini motokari nyingi zinazofika kwetu ni za zamani, na hazina kamera. Kamera yetu ni macho ya watu.

3. MOTOKARI IINGIE NAMNA GANI?

Mashofere wanabishana sana juu ya jambo hili. Wamoja wanasema: "Ingia uso mbele, ni rahisi na haraka." Wengine wanasema: "Ingia kwa nyuma, ili utoke uso mbele." Wewe mama unaweza kusema: "Hiyo ni maneno yao, mimi sina motokari." Hapana. Kiwanja ni chako, na mutoto ni wako. Unapaswa kujua.

Tazama vizuri. Kama hakuna nafasi ya kuzunguka, motokari inapaswa kurudi nyuma mara moja: ao wakati wa kuingia, ao wakati wa kutoka. Hakuna njia ya kuepuka. Basi ulizo ni hili: wakati gani ni hatari zaidi?

Wakati wa kuingia, shofere anatoka njiani, macho yake yako wazi. Amepita mbele ya nafasi ile, ameiona kama ni tupu. Watu wamesikia motokari inafika, wanaitazama. Tena anarudi nyuma kuelekea ukuta ao lupango la miti, pahali watu hawapiti.

Wakati wa kutoka, mambo yamegeuka. Motokari imesimama saa moja, saa mbili. Watu wameizoea kama jiwe. Watoto wamefwata kivuli chake, wengine wameingia chini yake, mwenye kuuza ndizi ameweka kitunga chake nyuma. Shofere hakuwa pale kuona vile vyote. Anapanda na haraka, anawasha, na anarudi nyuma kuelekea watu na njia.

Kwa hiyo, kwa kawaida, kuingia kwa nyuma na kutoka uso mbele ni kuzuri zaidi. Mashirika mengi ya musaada yanafundisha mashofere wao vile vile. Tena kuna faida ingine. Kama mama mwenye mimba anatokwa na damu usiku, motokari iliyoelekeza uso njiani inaondoka mara moja, haipotezi dakika kwa kugeuka katika giza.

Lakini njia inayopita zote ni kutorudi nyuma hata kidogo. Kama kiwanja kina milango miwili, motokari iingie kwa mumoja na kutoka kwa mwingine. Kama kuna nafasi ya kuzunguka, izunguke.

4. WAKATI GANI KUINGIA KWA NYUMA HAKUFAI?

Usishike somo hili kama mutu anayekariri bila kufahamu. Kama kurudi nyuma kunaelekeza motokari kwenye baraza ambapo wamama wameketi, hakufai. Kwanza, baraza haina ukuta wa kuzuia. Pili, moshi wa motere utaingia moja kwa moja katika pua za watoto wachanga. Pahali pa namna hii motokari iingie uso mbele, isimame mbali, na wakati wa kutoka mutu mumoja asimame nyuma kuongoza. Inafaa pia kupanda mistari ya mawe makubwa ao miti mifupi, ili magurudumu yasipite.

Juu ya kamiyo za mizigo, hazina uchaguzi. Zinazobeba kakao, mbao ao mihogo zinapaswa kurudi nyuma mpaka kwenye mulango wa depo. Hapo konvwayere ashuke na aongoze. Asimame pembeni, pahali shofere anamuona katika kioo. Kama shofere hamuoni tena, asimamishe mara moja. Konvwayere hapaswi kusimama katikati ya kamiyo na ukuta.

5. KAZI YA MAMA

(a) Kabla motokari yoyote haijaondoka katika kiwanja, mutu mukubwa azunguke motokari yote kwa miguu na kutazama chini. Kisha hesabu watoto. Usiseme "Niko nafikiri iko kwa bibi." Mushike mukono ao umubebe mugongoni, ndipo umwambie shofere: "Twende."

(b) Usikae nyuma ya kamiyo ao mbele yake, hata imezimishwa, hata kivuli ni kizuri. Kama imesimama kwenye mutelemuko, kama ile mingi ya Butembo, jiwe chini ya gurudumu linaweza kuponyoka. Ewe mwenye kuuza sokoni, usitandike kikwembe chako pale, na usimulazishe mutoto pale.

(c) Ukipita nyuma ya motokari yenye shofere ndani, utazame kwanza uso wake katika kioo. Kama humuoni, yeye pia hakuoni.

(d) Angalia sana wakati wa kushuka katika taksi ao minibisi. Motokari nyingi hapa Beni zina volani upande wa kuume. Zilitengenezwa kwa inchi kama Uganda, ambapo wanatembea upande wa kushoto. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume. Kwa hiyo mulango mukubwa wa minibisi zile uko upande wa kushoto, na kwetu unafunguka katikati ya njia, pahali pikipiki zinapita! Shuka wewe kwanza, utazame nyuma na mbele, ndipo umushushe mutoto. Usimwache aruke peke yake.

(e) Uzoeze watoto wakubwa. Mutoto wa miaka 5 anaweza kujifunza: "Motere ikiwaka, ninakimbia kwenye ukuta wa nyumba na kupiga makofi." Mufanye kama muchezo kila mara. Lakini mutoto wa miaka 2, usimwachie kazi ya kujilinda. Ile ni kazi yako na ya baba yake.

6. KAMA MUTOTO AMEGONGWA

Kwanza, mupige kelele ili shofere asimame. Motokari isisogee tena, wala mbele wala nyuma, mpaka mujue mutoto iko namna gani chini yake.

Usimuvute kwa mukono ao mguu, usimutikise, usimusimamishe kuona kama anaweza kutembea. Tazama kama anapumua. Kama damu inatoka, finya pale kwa nguvu na kitambaa safi, na usiache kufinya. Usitie majani, udongo wala mafuta. Usimupe maji wala chai, sababu labda atahitaji kupasuliwa.

Mulazishe juu ya ubao ao mulango, kichwa, shingo na mugongo vikiwa sawasawa kwa mustari mumoja, na watu wawili ao watatu wamubebe. Usimukunje juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, kama kuna njia ingine yoyote.

Mumulete hospitali hata kama amenyamaza na hana kidonda. Gurudumu likipita juu ya tumbo, ngozi inaweza kubaki nzuri na huku damu inatoka ndani. Hizi ni alama za hatari: anakuwa mweupe midomoni, mikono ni baridi, anapumua haraka, tumbo linavimba ao linauma, anatapika, anasinzia sana, anakojoa damu. Ukiona hata alama moja, usingoje asubuhi. Na usikawie kwa kugombana na shofere juu ya feza. Maneno ya feza yatangojea, damu haitangojea.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA KABLA YA KUITWA

1. Sababu gani shofere muzuri anaweza kukosa kuona mutoto aliye nyuma ya motokari?
2. Wakati gani kurudi nyuma ni hatari zaidi, kuingia ao kutoka? Eleza sababu.
3. Katika kiwanja chenu, motokari inasimama wapi? Watoto wanachezea wapi? Munaweza kugeuza nini juma hili?
4. Mutoto amepitiwa na gurudumu, anasema haumii. Utafanya nini?

Mama, huna volani mikononi, lakini una sauti. Usione haya kumusimamisha shofere, hata kama ni mutu mukubwa, hata kama ni munganga. Mwambie: "Baba, ngoja kidogo, tutazame nyuma." Shofere mwenye akili atakushukuru. Na leo, ukitoka hapa na kadi yako, ukute motokari kwenye mulango imewasha motere, uanze na ulizo la bibi yule: "Mutoto iko wapi?"