Mguu Mmoja Ukiumia, Nyumba Nzima Huchechemea



Leo tunawaomba mzime redio, mkae pamoja, na msome somo hili kwa kupokezana: mke sehemu moja, mume sehemu moja. Linahusu jambo ambalo familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe zinaweza kukutana nalo. Baba ametoka asubuhi kwa miguu yake miwili, na jioni analetwa nyumbani kwa tuktuk, mguu mmoja umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo.

Tuchukue mfano. Mume ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha katika karakana ya jua kali huko Changamwe. Alikuwa akikata bomba kwa grainda, ile mashine ya umeme ya kukatia vyuma. Diski ikabanwa ndani ya bomba, mashine ikamruka mkononi ikatua juu ya mguu. Alikuwa amevaa champali. Mkewe huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Watoto watatu wako shuleni, na kodi ya nyumba hulipwa kabla ya tarehe tano.

Mfano huu si wa mtu fulani. Lakini swali lililomo ni la kweli kabisa: mguu huu utapona kwa muda gani, na nyumba itaishije mpaka hapo? Ndoa nyingi huvumilia vizuri siku ile ya damu. Zinazowashinda ni zile wiki zinazofuata.

1. Lijueni jeraha lenyewe

Grainda ndogo yenye diski ya milimita 115 huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika moja. Haikati kama kisu. Huchana, huunguza, na huingiza vumbi la chuma ndani ya nyama. Nao mguu, kuanzia kifundoni hadi vidoleni, una mifupa 26, na upande wa juu kano zake, yaani zile kamba ngumu zinazoinua vidole, ziko chini tu ya ngozi. Kwa hiyo jeraha linaloonekana dogo kwa nje laweza kuwa limekata kano au kuvunja mfupa. Kidole kisichoinuka, au kilichokufa ganzi, ni dalili ya hatari hata kama damu imekatika.

Ajali ikitokea, gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na mwinueni mguu. Msitie majani ya chai, mafuta ya taa, sukari wala jivu. Kidole kikikatika kabisa, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, mkitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu, mwende nacho hospitali. Iwe ni Port Reitz, ni hospitali ya Likoni, au ni hospitali kuu ya Pwani pale Makadara, ombeni mguu upigwe picha na kano zipimwe.

Ulizeni pia habari za sindano ya pepopunda. Ugonjwa huu hautokani na kutu yenyewe, bali na vijidudu vinavyokaa katika udongo na uchafu. Kwa jeraha chafu, ikiwa imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, au hakuna anayekumbuka ilikuwa lini, mgonjwa huchanjwa tena.

2. Ngozi ikifumba, si kupona

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Nyuzi za mguuni mara nyingi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mume hutazama mguu wake, huona kovu limefunga, husema, "Nimepona." Sivyo. Mwishoni mwa wiki ya tatu, kovu huwa na takriban sehemu moja tu kati ya tano za nguvu ya ngozi ya kwanza. Hata baada ya miezi mingi nguvu yake haizidi kiasi cha asilimia 80. Mfupa wa mguu uliovunjika kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8. Kano iliyoshonwa hulindwa kiasi cha wiki 6, na kazi nzito huweza kungoja mpaka mwezi wa tatu au zaidi.

Katika siku za mwanzo mguu uinuliwe juu ya mto, uwe juu kuliko moyo, ili uvimbe upungue. Kidonda kisilowekwe, wala kwa maji ya bahari. Mgonjwa ale samaki, mayai, maharagwe, dengu, maziwa, mboga za majani na matunda kama mapera na machungwa, kwa kuwa mwili hujenga nyama mpya kwa chakula. Mwenye kisukari apime sukari yake mara kwa mara, na mvutaji aache sigara, maana vyote viwili hukawiza kidonda.

Rudini hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki mkiona wekundu unaoenea, usaha, harufu, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au vidole vilivyopoa na kubadilika rangi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikakatika ghafla, ni jambo la dharura.

Na magongo yana adabu yake. Uzito hubebwa na mikono, si makwapa; kati ya kwapa na gongo viingie vidole viwili au vitatu. Katika kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Katika kushuka, magongo na mguu mbovu hutangulia. Wa Likoni wanaovuka kwenda kliniki waondoke mapema, wakae kando umati wa feri upite kwanza, ndipo washuke ule mteremko polepole, na mwenzake atembee upande wa mguu ulioumia.

3. Gawaneni kazi upya

Mume aliyezoea kutoka alfajiri sasa anashinda kitandani akihesabu mabati ya dari. Mke anakanda unga, anateka maji, anaosha kidonda, anakwenda kliniki, anarudi kuuza. Baada ya wiki mbili wote wawili wamechoka, kila mmoja kwa njia yake.

Dawa ya hapa ni kugawana kazi kwa maneno yaliyo wazi. Ziko kazi nyingi za kufanywa umekaa na mguu umenyoshwa juu ya stuli: kuchambua mchele, kumenya viazi, kukunja nguo, kusimamia daftari za watoto, kuandika hesabu ya mauzo ya mahamri. Mume asione haya. Anayemenya viazi hajapungua kuwa baba. Na wewe mama, usimfanyie kila kitu kwa huruma. Analoweza kulifanya, mwachie alifanye, hata akilifanya polepole. Msaada unaomnyang'anya mtu heshima yake humuumiza mara ya pili.

Yatazameni pia mambo ambayo watu huona aibu kuyataja. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa mwenye mguu mmoja. Kiti imara cha plastiki kilichokatwa tundu katikati kitamfaa. Wakati wa kuoga akalie kiti, mguu ukiwa umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Na katika unyumba, maumivu na dawa vyaweza kumpunguzia mtu hamu kwa muda. Lisemeni hilo kwa upole, ili mmoja asidhani amechukiwa na mwingine asidhani ameshindwa.

Ikiwa aliyeumia ni mke, somo ni lile lile. Mitungi ya maji na sufuria za jikoni ni za baba mpaka mguu wa mama upone.

4. Maneno yanayochelewesha kupona

Neno la kwanza ni "Nilikuambia." Nilikuambia uvae viatu. Nilikuambia uache kazi ile. Huenda ni kweli, lakini mwenye kidonda amekwisha kujiambia hayo mara mia moja usiku. Mazungumzo ya viatu yatakuwa na siku yake, na tutayafikia.

Neno la pili ni la mgonjwa: "Niacheni." Mtu aliyepatwa na ajali ya mashine huweza kushtuka usingizini, kusikia ule mlio wa grainda, au kukasirika kwa jambo dogo kama kijiko kilichoanguka. Si ukatili, ni mshtuko. Mwambie mkeo, "Leo nina hofu," badala ya kumfokea mtoto. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja, semeni na daktari au mshauri wa afya ya akili. Hilo nalo ni jeraha, nalo hutibiwa.

5. Fedha na haki

Kinachomrudisha fundi kazini kabla ya wakati mara nyingi si ushujaa, ni kodi ya nyumba. Kwa hiyo, katika wiki ya kwanza, andikeni kwenye karatasi moja: kodi, karo, chakula, nauli ya kliniki, madeni. Nendeni ninyi wawili kwa mwenye nyumba na shuleni kabla ya deni kuiva. Waambieni ukweli na mtaje tarehe. Semeni pia na chama chenu na jumuiya ndogo ndogo. Anayeficha shida husaidiwa amechelewa.

Ikiwa mume ameajiriwa, hata kama ni mwanagenzi, iko Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Mwajiri aarifiwe mapema iwezekanavyo, na ni vizuri iwe kwa maandishi. Yeye naye anatakiwa kumpelekea taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Madai yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Sheria hiyo inampa mfanyakazi gharama za matibabu zinazofaa, na malipo kwa muda asioweza kufanya kazi, yasiyozidi miezi 12. Mke na atunze karatasi zote katika bahasha moja: za hospitali, za picha, risiti za dawa, na majina ya walioshuhudia.

Anayejiajiri hana mwajiri wa kumdai, ndiyo maana bima ina maana kubwa kwake. Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni mmesajiliwa na mchango umelipwa wakati miguu ingali mizima.

Na kama ajali imeacha upungufu wa kudumu, msidhani maisha yamefungwa. Huko huko bara ya kaskazini, upande wa Kisauni, ziko karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 na kusimamiwa na APDK, chama kinachowahudumia watu wenye ulemavu wa viungo hapa Kenya tangu mwaka 1958. Mafundi wenye ulemavu wamefanya kazi humo miaka mingi, wakitengeneza mapambo na bidhaa za ngozi na mbao kwa mikono yao, na kulisha nyumba zao.

6. Siku ya kurudi kazini ni ya wote wawili

Siku ya harusi mliahidiana kushikamana katika afya na katika ugonjwa. Basi siku ya kurudi kazini isiamuliwe na mume peke yake usiku akiwaza deni, wala isisukumwe na mke kwa kuhesabu unga uliobaki. Iamuliwe na watatu: mume, mke na daktari. Mguu uliofumuka au ulioingia usaha huanza hesabu upya, na wakati mwingine hugharimu kidole au mguu wenyewe. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Kabla ya kurudi, jibuni haya kwa ukweli. Je, anatembea bila kuchechemea? Anaweza kusimama kwa vidole? Anaweza kuvaa kiatu kilichofungwa siku nzima, na jioni mguu haujavimba? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, ngojeni. Jibu likiwa ndiyo, na daktari akakubali, aanze na nusu siku: kupima, kupiga rangi, kupiga msasa. Grainda iwe ya mwisho.

Na hapa ndipo mazungumzo ya viatu yanapopata siku yake. Katika ile karatasi ya hesabu, viatu vya kazi vyenye chuma mbele vitangulie kila kitu cha karakana. Mashine iwe na kifuniko chake cha kinga, ishikwe kwa mikono miwili, diski iliyopasuka itupwe, na macho yavae miwani. Champali zibaki mlangoni.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Mmoja wetu akilala miezi mitatu bila kipato, ni gharama zipi zitatukamata kwanza, nasi tutamwendea nani?

2. Ni kazi gani ya mwenzangu nisiyojua kuifanya? Nitaanza lini kujifunza?

3. Nikiwa mgonjwa, ni msaada gani hunifariji, na ni upi huniudhi?

4. Chanjo ya pepopunda ya kila mmoja wetu ilikuwa mwaka gani?

5. Viatu anavyoendea kazini mwenzangu leo, je, vinamlinda?

Jibuni la tano kwa kwenda mlangoni kuvitazama.