Dondoo muhimu: Wikendi ya mgeni kutoka Kikoneni hadi baharini

Mgeni wa Ulaya akikufikia Kikoneni mwezi Julai, kwao ni kiangazi lakini kwetu kusi linavuma; mpangie safari hivi.

1. Tokeni alfajiri, matatu husubiri ijae, na ukichelewa asubuhi yote itaishia stejini.
2. Patana nauli ya bodaboda kabla ya kupanda, na mgeni avae helmeti.
3. Jumamosi iwe ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, Jumapili ya Diani. Kuyabana yote siku moja ni kuchoshana bure.
4. Vukeni kwenda Wasini mapema, kila mtu na jaketi la kuokolea maisha mwilini, si chini ya kiti.
5. Kiingilio cha hifadhi ya Kisite-Mpunguti lipieni kwa eCitizen kabla ya kufika.
6. Acheni chupa za plastiki za kutupwa. Zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 5, 2020.
7. Diani, ulizeni saa za maji kujaa na kupwa. Wengi hufuata mwamba pakiwa pakavu, wakarudi maji yamewafika kifuani.
8. Vaeni viatu majini, matumbawe hukata.
9. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Mitaani mgeni ajifunge leso.
10. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio urithi wa dunia tangu 2008, ingieni na mwongozaji, mkiwa na kaniki. Msiokote hata jani.
11. Mawingu yasiwadanganye, jua huunguza vilevile.

Nahodha akikataa kung'oa nanga kwa ajili ya kusi, msimbembeleze. Wasini haihami.