Kodi ndiyo inayokula kiwanja chenu

Swali: Tumepanga Sinza, Dar es Salaam. Tunajibana, lakini pesa ya kiwanja haitimii. Tupunguze nini tena?

Jibu: Msiiguse chai ya maziwa ya watoto. Kinachowamaliza ni kodi, hasa ikidaiwa ya miezi 6 kwa mkupuo. Tafuteni nyumba ndogo zaidi, ila ikiwa mbali, pigeni kwanza hesabu ya nauli. Chanika, pembezoni mwa jiji, kodi ni nafuu, lakini daladala za kila siku zaweza kuumeza unafuu wote. Kinachookolewa kiende SACCOS au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS siku ileile ya mshahara, kisilale kwenye simu. Na tafadhali, msibanie gharama ya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi: kiwanja chenye wenyewe wawili hupoteza akiba ya miaka.